Shemeji Yuko Zamu

Jumatatu ile Bi Kanuni aliianza kazi kwa kupekua chini ya kibodi. Alikuwa na kisu cha plastiki, cha aina ile ya kupakia siagi, na kwa kisu hicho alikwangua vikaratasi ambavyo watu walikuwa wamevibandika ili wasisahau nywila zao. Kwa mhasibu alikuta jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Maabara alikuta neno "maji" likifuatiwa na alama ya mshangao. Kwa katibu muhtasi alikuta nywila ya katibu muhtasi, ya Meneja, na ya barua pepe ya mume wa katibu muhtasi. Vyote alivitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Bi Kanuni, na kwenye viatu utatukagua?" walimtania.

"Zamu ya viatu ni kesho," alijibu, akaendelea mbele.

Mtambo ule ndio uliosafisha maji ya mji mzima. Mamlaka ilikuwa imetoa kanuni mpya za usalama wa mitandao kwa sehemu zote ambazo zikisimama watu wanaumia: maji, umeme, mafuta, hospitali. Mtu akiingia kwa kompyuta kutoka mbali, kanuni zilieleza, anaweza kufungua dawa ikamwagika kupita kiasi au kuifunga kabisa, na mji ukanywa bila kujua. Kazi ya Bi Kanuni ilikuwa kuhakikisha kanuni hizo zinafuatwa, na mkaguzi alikuwa njiani.

Alipoingia chumba cha kuongozea mitambo, alimkuta shemeji yake kwenye kiti, mbele ya skrini ya klorini. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa amefariki tangu msimu wa mvua.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Kuamka ndiyo hakuna tena, shemeji, lakini salama."

"Inua kibodi nione."

Akainua. Chini yake palikuwa pasafi. Nywila yake aliiweka kichwani siku zote, hakumwambia mtu, na alizikwa nayo.

Alikuwa amefia nyumbani, asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu ili aje kazini. Ofisi ya utumishi haikulaza damu. Baada ya mazishi tu ilifuta jina lake, ikampa mtu mwingine kabati lake, ikatuma dereva kwenda kwa mjane kuchukua kofia ngumu na kadi ya matibabu. Lakini kompyuta hakuna aliyeiambia. Akaunti yake ilibaki wazi, na kwa kuwa ilibaki wazi, wiki iliyofuata alirudi. Opereta wa zamu, mwanamke waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ya shavuni, aliingia akamkuta amekaa. Alimsalimu, akamuuliza kama anajisikia vizuri, kisha akaenda kuangalia pampu, maana pampu nazo zilikuwa juu yake.

Zamani kila zamu ilikuwa na watu watatu. Walichota maji kwenye chupa, wakayapima, wakazungusha gurudumu la vali kwa mkono kuongeza au kupunguza klorini. Ilipoletwa kompyuta, Meneja alibakiza mtu mmoja kwa kila zamu. Mafundi wa kampuni iliyoileta waliuunganisha uwekaji wote wa klorini na akaunti ya shemeji, kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa karibu, wakapeana mikono, wakaondoka. Kampuni yenyewe ilikuja kufa baadaye. Yenyewe haikurudi.

"Shemeji," alisema marehemu, macho yakiwa kwenye skrini. "Hizo kanuni zako zinasemaje kuhusu mimi?"

"Zinasema akaunti ya aliyeondoka kazini ifungwe siku hiyohiyo."

"Basi nifungieni. Nimechoka."

Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. Alikuwa amejaribu kuondoka mwenyewe zaidi ya mara moja. Mlinzi alimfungulia geti bila ubishi, lakini kila mguu wake ulipokanyaga lami ya nje, alijikuta amerudi kwenye kiti, mkono kwenye kipanya. Mlinzi alikuwa ameacha hata kumwandika kwenye daftari la geti.

Kilichomsumbua zaidi Bi Kanuni ni dada yake. Pale kazini kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia mjane. Bi Kanuni alijua kwamba hakuna aliyemwambia, kwa kuwa aliyepaswa kumwambia alikuwa yeye. Kila alipokwenda kumtembelea alimkuta dada yake anakunja nguo zilezile na kuzikunjua.

"Mdogo wangu, mimi hata ndotoni simuoni," dada yake alimwambia Jumapili iliyotangulia. "Watu wote marehemu wao wanawatokea. Wengine mpaka wanalalamika. Wangu hayupo popote. Au nilimkosea?"

"Hukumkosea, dada."

"Sasa yuko wapi?"

Bi Kanuni alisema chai imepoa, akainuka kuipasha moto. Aliona ni heri amfungulie shemeji kwanza, halafu ndipo amwambie dada yake habari iliyokwisha.

Alimfuata fundi wa mitandao, kijana mrefu aliyeitwa Waya, kwenye chumba chake cha baridi.

"Kufunga ni kubonyeza tu," Waya alisema. "Lakini nikibonyeza, na klorini inasimama. Kila kitu kimeshikwa na jina lake."

"Vali za mkono bado zipo?"

"Zipo. Watu ndio hawapo."

"Tukiwapata?"

"Ukiwapata, mimi nabonyeza. Ila Meneja asiniulize."

Meneja, alipoulizwa kama inawezekana kuongeza watu, alisema jambo hilo litazungumzwa baada ya ukaguzi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai, anayependa kumaliza sentensi za wenzake. "Tusitikise kitu kinachofanya kazi," alisema. "Wewe mwenyewe mwanamitambo, unanielewa." Bi Kanuni hakuwa mwanamitambo, lakini alimwelewa.

Basi akatafuta watu mwenyewe. Fundi mabomba mmoja alikubali, na mwanamama wa maabara, na Kidoti ambaye tumbo lake lilikuwa limeshafika miezi ya mwisho lakini alisema kukaa anaweza, na kusoma chupa hakuhitaji kuinama. Siku Meneja alipokwenda mjini kwenye mkutano, mchana baada ya chakula, walijipanga kwenye vali. Fundi mabomba alishika gurudumu lililokuwa limeshika kutu, akalipiga nyundo mara kadhaa, likalegea. Mwanamama wa maabara alipima, Kidoti akasoma, maji yakawa sawa.

"Haya," Bi Kanuni alimwambia Waya kwenye simu.

Skrini ya klorini ikawa nyeusi. Shemeji akainuka. Alifuta kiti kwa kiganja, akarudisha kibodi mahali pake, akawashika mikono wote wanne. Kwa Bi Kanuni alikawia kidogo.

"Asante, shemeji. Nipitie nyumbani?"

"Pitia."

Alitoka getini, mguu mmoja na wa pili, akaenda. Mlinzi alimpungia mkono. Bi Kanuni alisimama dirishani akamtazama mpaka alipokata kona penye duka la vipuri, akiwa anatembea polepole kama mtu anayetoka hospitali.

Dada yake alikuwa uani anaanika mashuka. Alimuona mumewe anaingia, akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akamwendea.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Muda wote huu?"

"Muda wote huu."

Mkewe aliona namna alivyochoka. Alimkalisha kwenye ngazi, akamvua viatu, vilevile alivyokuwa akivifunga asubuhi ile, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Akaanza na mguu wa kulia. Mumewe alifumba macho. Alimwambia kwamba bati la jikoni linavuja upande wa dirisha, lipigwe lami kabla ya mvua, na kwamba ule ugomvi wao wa pazia alikuwa amekosea yeye. Dada mtu alisema ya pazia yameshapita. Kadiri maji yalivyompita vidoleni, ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi, na mkewe aliona vyema kwamba akimaliza na mguu wa kushoto, atakuwa amelala.

Mtamboni, Meneja alirudi mapema. Mkutano ulikuwa umeahirishwa. Alikuta watu watatu kwenye vali, mmoja wao mjamzito, na skrini nyeusi. Hakupiga kelele. Aliuliza nani anaangalia pampu, na kweli hakuna aliyekuwa akiangalia pampu. Aliuliza watu hawa watasimama hapa mpaka lini, na kesho, na keshokutwa. Bi Kanuni alisema ndiyo maana aliomba watu.

"Na mimi ndiyo maana nilisema baada ya ukaguzi."

Alimpigia simu Waya. Waya alikuwa na watoto wanaosoma na mke asiye na kazi. Alisikiliza, akasema sawa mkuu, akabonyeza.

Shemeji alikuwa kwenye kiti. Mkono ulikuwa kwenye kipanya, hana viatu, mguu wa kulia msafi unatiririka maji, wa kushoto una vumbi la njiani. Klorini ikaanza kutiririka kwa kipimo chake. Meneja alitazama skrini, akaridhika, kisha akatazama chini.

"Humu ndani hairuhusiwi kukaa peku," alisema. "Ni usalama kazini."

Jioni haijaingia, dada mtu alifika getini, ameshika viatu mkononi, mikono ya gauni bado imekunjwa. Mlinzi alimpa kitambulisho cha mgeni na kumwonyesha njia. Bi Kanuni alimkuta kwenye korido.

"Mdogo wangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nimekaa nalia kwamba mume wangu hayupo popote, wewe unaniambia chai imepoa?"

"Nilitaka nimtoe kwanza, dada."

"Umemtoa?"

Bi Kanuni aligeuka kutazama mlango wa chumba cha kuongozea mitambo. Dada yake alimpita kama anavyopitwa mtu wa kwenye foleni, akaingia ndani. Alipiga goti mbele ya kiti. Hakukuwa na beseni, basi akakilowesha kitambaa cha kichwani kwenye bomba la kunawia, akaufuta ule mguu wa kushoto mpaka ukawa msafi. Alingoja. Mumewe hakulala.

"Haifanyi kazi hapa," marehemu alisema. "Hapa niko zamu."

Mkewe akamvalisha viatu, akamfunga kamba, akainuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Niachie mume wangu."

Meneja alisimama, akamvutia kiti. "Mama, kwanza pole sana. Pili, naomba ujue kwamba mume wako anathaminiwa sana hapa."

"Mlimpa mtu mwingine kabati lake."

"Hilo lilikuwa la utumishi. Huku upande wa mitambo ni tofauti." Alifungua kijitabu cha kanuni, kile ambacho Bi Kanuni mwenyewe alikuwa amemgawia, akamsomea. Kitu chochote ambacho kikiondolewa huduma inasimama, kilihesabiwa kuwa sehemu ya miundombinu muhimu. Sehemu ya miundombinu muhimu haikuruhusiwa kuondolewa bila kibali cha Mamlaka. "Unaona, mama? Hata mimi mikono yangu imefungwa."

"Yeye si sehemu. Ni mtu."

"Ndiyo maana nakwambia anathaminiwa."

Dada mtu akauliza swali ambalo Bi Kanuni, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilibeba mpaka nyumbani. "Hivi yule anayetakiwa kuzuiwa, huyo wa kutoka mbali anayeingia kwenye kompyuta za watu na kuzishika asiziachie, anafanya nini ambacho ninyi hamjamfanyia mume wangu?"

Meneja alisema ni swali zuri na kwamba mkaguzi anaweza kulijibu.

Mkaguzi alikuja wiki ileile. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na kompyuta bapa ya mkononi, mwenye sauti ya kawaida na haraka ya kawaida. Alisifu kibodi. Alisifu milango. Alipofika chumba cha kuongozea mitambo, Bi Kanuni alimwambia bila kuzunguka kwamba akaunti inayoendesha klorini ni ya mtu aliyefariki, na kwamba yeye kama mwenye jukumu hilo anaitaja kama kasoro, tena kubwa. Nyuma yake Meneja alikohoa.

"Mwenyewe yuko wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi hapa," shemeji alisema.

"Jina?"

Akalitaja. Mkaguzi akalinganisha na skrini, likawa lenyewe.

"Nywila yako unaijua wewe peke yako?"

"Peke yangu."

"Umewahi kumpa mtu?"

"Hata mke wangu sikumpa."

"Vizuri sana. Wengi wanashindwa hapo." Aligusa kompyuta yake. "Sasa hapa fomu inaniuliza kama mwenye akaunti ameondoka kazini."

"Kufa nimekufa," shemeji alisema, "lakini kuondoka sijaondoka. Sijaruhusiwa."

Mkaguzi alirudia kusoma, juu mpaka chini. Kanuni ziliuliza kuhusu waliostaafu, waliofukuzwa, waliohamishwa na walio likizo. Alimweleza Bi Kanuni, kwa upole, kwamba anachokiona mbele yake ni mtu mmoja, akaunti moja, mtu yuko mahali pake pa kazi. Kama ana maoni kuhusu kanuni zenyewe, Mamlaka hupokea maoni.

"Lakini anateseka," Bi Kanuni alisema.

"Namuona," mkaguzi alisema, na kweli alikuwa anamuona. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hakuna mahali pa kuliandika hilo."

Shemeji alimshukuru kwa kuangalia.

Mtambo ulifaulu. Kulikuwa na pungufu moja tu, na mkaguzi alilisoma kwa sauti kabla ya kufunga mkoba: shughuli nyeti kama klorini isitegemee mtu mmoja. Apatikane wa pili, akaunti yake iunganishwe kwenye mfumo vilevile kama ya kwanza, ili mmoja akishindwa mwenzake awepo. Lirekebishwe kabla hajatoka getini, maana hataki kurudi kwa jambo dogo.

Meneja aliangaza chumbani. Waya, aliyekuwa ameitwa, alikaa kwenye kompyuta na kufungua ukurasa. Alisema anachohitaji ni jina.

"Opereta wa zamu ndiye anayefaa," Meneja alisema.

Kidoti alikuwa amesimama karibu na mlango wa pampu, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Alikuwa ameomba likizo ya uzazi na bado hajajibiwa. Alimtazama shemeji kwenye kiti, akamtazama Meneja, na mdomo ukafunguka kusema sawa, kama ambavyo ungefunguka mdomo wa mtu yeyote anayesubiri jibu.

"Andika langu," Bi Kanuni alisema.

"Wewe si opereta," Meneja alisema.

"Kanuni inasema mtu wa pili. Haisemi opereta."

Mkaguzi alithibitisha kwamba haisemi.

Waya hakubonyeza mara moja. "Dada, unajua hii ikishaunganishwa, hata ukifa..."

"Najua, Waya. Andika."

Akaandika. Alisukuma kibodi mbele ya Bi Kanuni ili achague nywila, na chumba kizima, kwa kufuata utaratibu aliowafundisha mwenyewe, kikageuka upande wa ukutani. Bi Kanuni alisimama vidole juu ya herufi. Alimfikiria dada yake, ambaye sasa alikuwa na kitambulisho cha kudumu cha mgeni na alikuja kila alipopata nafasi, na shati safi, akakaa pembeni akimweleza mumewe habari za nyumbani, naye akimjibu bila kuondoa macho kwenye skrini. Akabonyeza herufi moja baada ya nyingine. Skrini ikamkaribisha kwa jina lake lote.

Mkaguzi aliaga. Meneja alimsindikiza hadi kwenye gari, wakaongea juu ya foleni za barabarani. Kidoti alirudi kwenye pampu. Waya alikusanya nyaya zake taratibu, akaondoka bila kumtazama mtu.

Chumba kikabaki na mlio wa mashine. Shemeji alishika kingo za kiti chake, akakisogeza kidogo upande wa dirisha, akampisha Bi Kanuni.